Aliyebofya Ameshauliza Swali

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, watengenezaji wa tovuti na wanafunzi wa masoko



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi nao, ila walikuwa wakisema juu ya kitu ambacho mnunuzi anaweza kukishika, kukigeuza na kukinusa. Kwenye simu hakuna kushika wala kunusa. Kizuri na kibaya vyote hujitembeza, hulipia matangazo yaleyale na huonekana kwenye kioo kilekile kidogo. Ndiyo maana nimekuja kusema nanyi juu ya ukurasa wa kutua, yaani ule ukurasa mmoja ambao mtu huufikia mara tu anapobofya tangazo lako, kabla hajaona kitu kingine chochote cha biashara yako.

Hoja yangu ni moja. Mtu aliyebofya tangazo ameshauliza swali. Hajaliandika wala hajalitamka, lakini analo, na ndilo lililokisogeza kidole chake. Ukurasa unaomgeuza mgeni kuwa mteja ni ule unaolijibu swali hilo upesi na kwa ukweli, kisha ukampisha akalipe. Rangi, picha na maneno matamu vina kazi yake, lakini vyote ni watumishi wa jibu hilo.

Tuanze na hesabu, maana biashara ni hesabu. Tuseme umelipia tangazo shilingi 300,000, likakuletea wageni 1,000. Wakinunua 10, kila mteja amekugharimu shilingi 30,000. Wakinunua 20 kwa tangazo lilelile, kila mmoja amekugharimu 15,000. Hujaongeza hata senti kwenye tangazo, lakini gharama ya kumpata mteja imeshuka nusu. Wengi wetu mauzo yakilegea hukimbilia kuongeza fedha ya tangazo. Matokeo yake tunalipia wageni wengi zaidi waje waondoke kwa sababu ileile iliyowaondoa wa kwanza.

Kuponi ya karatasi

Msidhani mambo haya yalizaliwa na intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, biashara nyingi ziliuza kwa posta. Tangazo lilichapwa gazetini likiwa na kuponi pembeni. Msomaji aliikata, akaijaza na kuituma. Wenye akili waliweka alama ya siri kwenye kila kuponi, tofauti kwa kila gazeti na kila kichwa cha tangazo. Bahasha zilipofika ofisini, karani alizipanga kwa alama zake, na mwenye biashara akajua bila kubahatisha ni tangazo lipi lililoleta oda na lipi lililokula fedha bure.

Claude Hopkins, mmoja wa waandishi wakubwa wa matangazo wa zama hizo, alitoa mwaka 1923 kitabu kiitwacho Scientific Advertising. Ndani yake alishikilia kwamba ubora wa tangazo hupimwa kwa mauzo, na kwamba mwandishi hana haki ya kujisifia sentensi ambayo haikuleta mnunuzi. Alisisitiza pia kwamba maneno ya jumla hupita sikioni bila kuacha kitu, ilhali jambo mahususi huaminika. Ukiandika bidhaa yako ni bora kuliko zote, msomaji anajua kila muuzaji husema hivyo. Ukiandika inapimwa hivi, inadumu hivi na inarekebishwa hivi, ameanza kukusikiliza.

Ukurasa wa kutua ni mjukuu wa kuponi ile. Tofauti ni kwamba jibu lililokuwa likichukua majuma kufika kwa posta sasa hufika kabla chai haijapoa.

Chicago, Desemba 2007

Nichukue tukio moja lililoandikwa vizuri na aliyelisimamia. Mwishoni mwa mwaka 2007 Seneta Barack Obama alikuwa akiwania kuteuliwa na chama chake kugombea urais wa Marekani. Kijana aitwaye Dan Siroker alitoka Google akajiunga na timu ya kampeni mjini Chicago. Tovuti ya kampeni ilikuwa na ukurasa wa kupokelea wageni wenye kazi moja tu: mgeni aache anwani yake ya barua pepe. Kupitia anwani hiyo ndipo alipokuja kuombwa mchango baadaye, na ndipo alipokuja kuombwa kujitolea.

Desemba mwaka huo walifanya jaribio. Waliandaa maandishi manne tofauti ya kitufe na vitu sita vya kuwekwa juu ya ukurasa: picha tatu na video tatu. Nne mara sita ni 24, kwa hiyo palikuwa na sura 24 za ukurasa uleule. Kila mgeni alionyeshwa sura moja kwa bahati nasibu. Wageni 310,382 walipita katika jaribio hilo, na kila sura ikaonwa na watu wapatao 13,000.

Kabla ya matokeo, watu wa ofisini walikuwa na chaguo lao. Waliipenda video moja hasa. Matokeo yalipotoka, video zote tatu zilishindwa na picha zote tatu. Iliyoshinda ilikuwa picha tulivu ya Obama akiwa na mkewe na binti zao, na chini yake kitufe chenye maana ya “Pata Maelezo Zaidi”. Ukurasa wa zamani, uliokuwa na kitufe cha kumtaka mgeni ajisajili, ulikuwa ukipata anwani kutoka kwa asilimia 8.26 ya wageni. Ulioshinda ulipata asilimia 11.6, yaani ongezeko la asilimia 40.6.

Kwa maneno ya kawaida, katika kila wageni 100, badala ya wanane wakapatikana karibu 12. Inaonekana ndogo, sivyo? Ila kampeni nzima ilisajili watu wapatao milioni 10 kupitia ukurasa huo. Kwa makadirio ya Siroker mwenyewe, bila mabadiliko yale wangepungua karibu milioni 2.9, na michango ingepungua kiasi cha dola milioni 60.

Sasa tusome somo kwa uangalifu, maana hapa ndipo wengi wanapopotoka. Mtu anaweza kutoka hapa akatangaza kwamba video haiuzi, au kwamba kitufe lazima kiseme “Pata Maelezo Zaidi”. Jaribio lile halikusema hivyo. Lilisema kwamba wageni wa tovuti ile, Desemba ile, walivutwa zaidi na picha ile. Tafsiri yangu ni kwamba wengi wao walikuwa bado wakijiuliza huyu ni mtu wa namna gani. Familia yake ilikuwa jibu. Kitufe cha kujisajili kilidai uamuzi kabla swali halijajibiwa. Kitufe cha maelezo kiliwafuata pale walipokuwa wamesimama. Na waliokuwa wamekaa ofisini, wenye mapenzi na mgombea wao kiasi cha kuacha kazi nzuri wamfuate, walikuwa wameshavuka swali hilo zamani. Hawakuweza kulikumbuka tena.

Hilo ndilo tatizo la kila mwenye bidhaa. Umeijua mno. Umesahau jinsi asiyeijua anavyoitazama.

Vizuizi tunavyojiwekea wenyewe

Kuna upande wa pili. Mara nyingi mgeni ameshajibiwa, ameridhika, mkono uko mfukoni, halafu sisi wenyewe tunamfukuza.

Mtafiti wa matumizi ya tovuti Jared Spool alisimulia mwaka 2009 kisa cha duka kubwa la mtandaoni, ambalo hakulitaja jina. Mnunuzi aliyekwisha kujaza kikapu alikutana na fomu ndogo: ingia au jisajili. Wabunifu waliamini inawasaidia wateja wa kudumu. Walipowatazama watu wakinunua, wakaona wateja wapya wanachukizwa. Mmoja alilalamika kwamba yeye alikuja kununua tu, hakuja kuanzisha uhusiano. Hata wateja wa kudumu walikuwa wamesahau nywila au barua pepe waliyotumia. Dawa ilikuwa kukiondoa kitufe cha kujisajili na kuweka cha “Endelea”, pamoja na sentensi chache za kueleza kwamba mtu anaweza kununua bila kufungua akaunti. Idadi ya waliokamilisha manunuzi ilipanda kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakaongezeka kwa dola milioni 300.

Kisa cha pili ni cha Expedia, kampuni ya kuuza safari na hoteli. Fomu yao ya malipo ilikuwa na nafasi ya hiari ya kuandika jina la kampuni. Baadhi ya wateja walidhani wanaulizwa jina la benki yao. Wakaandika benki, kisha kwenye nafasi ya anwani wakaandika anwani ya benki. Mfumo ulipolinganisha anwani hiyo na ya mwenye kadi, ukayakataa malipo. Nafasi hiyo ilipofutwa, kampuni ilieleza kwamba faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Neno moja kwenye fomu, ambalo halikumsaidia mtu yeyote, lilikuwa likiwarudisha wateja waliokwisha kutoa kadi.

Kwa hiyo kila unapoweka nafasi ya kujaza, jiulize: taarifa hii naihitaji ili nimfikishie mzigo? Jina, namba ya simu na mahali alipo vinatosha kwa biashara nyingi. Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Barua pepe ya nini, kama mawasiliano yenu yote yatakuwa WhatsApp?

Mashine ya kutotoleshea vifaranga

Turudi nyumbani na tuushike ukurasa mmoja mkononi. Tuchukue muuzaji wa mashine za kutotoleshea vifaranga aliyeko Dar es Salaam. Ametangaza Facebook na Instagram, na tangazo lake linasema: mashine ya mayai 60, inafanya kazi hata umeme ukikatika. Mama mmoja mfugaji huko Mbeya analiona, anabofya.

Anatua wapi? Mara nyingi anatua kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti yenye maneno “Karibu kwenye kampuni inayoongoza kwa ubunifu wa suluhisho za kilimo”, picha ya jengo, maono, dhamira, na orodha ya bidhaa 40. Aliuliza juu ya mashine ya mayai 60. Amejibiwa historia ya kampuni. Au anatua kwenye picha nzuri ya mashine, na chini yake yale maneno tunayoyajua sote: bei njoo inboksi.

Hiyo “njoo inboksi” ina wateteaji wake. Wanasema inaanzisha mazungumzo, inazuia washindani wasione bei. Lakini mteja anaisoma kivingine: bei itategemea atakavyonipima. Mwenye haraka anaondoka. Anayebaki anajiunga na foleni ya watu 80 wanaosubiri kijana mmoja awajibu “habari, bei ni...”, na jibu likifika saa nne usiku ameshanunua kwingine.

Ukurasa wa maana ungeanza na yaleyale yaliyosemwa na tangazo, ili mama ajue hajapotea: mashine ya mayai 60, inafanya kazi hata umeme ukikatika, kwa betri yake ya akiba. Chini yake bei. Chini yake picha ya mashine ikiwa wazi, mayai yakiwa ndani, kwenye banda la kawaida, ili aone ukubwa wake. Kisha majibu, kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe angeuliza. Umeme ukikatika betri inashikilia saa ngapi? Nani anageuza mayai, mimi au mashine? Ikiharibika fundi yuko wapi, na kipuri kinapatikana? Nikiwa Mbeya mzigo unanifikiaje, na nauli ya basi ni juu ya nani?

Halafu kuna jibu ambalo muuzaji mwoga hulificha. Mashine hukaa kwenye joto la nyuzi takriban 37.5, na mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini hakuna mashine inayoweza kuangua yai lisilo na mbegu. Ukurasa ukieleza wazi kwamba mayai yatoke kwa kuku wanaoishi na jogoo, na yasiwe yamekaa zaidi ya wiki moja, utampoteza mnunuzi aliyetarajia miujiza. Huyo ni bora umpoteze leo kuliko arudi baada ya siku 21 na maneno makali kwenye kila posti yako. Kwa mfugaji anayejua kazi yake, sentensi hiyo inathibitisha kwamba muuzaji naye anaijua. Tangazo lenye kuahidi asilimia 100 ndilo linalomtia shaka.

Tumefika kwenye shaka, na hapa ndipo ukurasa wa Afrika Mashariki unapotofautiana na ule wa Chicago. Swali zito la mnunuzi wetu ni: nikituma hela, nitaona mzigo? Watu wametapeliwa, au wana ndugu aliyetapeliwa. Swali hilo lijibiwe kwa vitu vinavyoweza kukaguliwa: mahali duka lilipo, mtaa na jengo, jina la biashara lililosajiliwa, namba ya simu inayopokelewa, picha za risiti za mizigo iliyopandishwa basi, zikiwa zimefichwa majina ya wateja, na utaratibu wa kulipa ukipokea kwa walio karibu. Sifa zisizo na mwenyewe, za “mteja aliyeridhika”, hazimtoi mtu shaka.

Na kuna jambo dogo linaloua mauzo dakika ya mwisho. Mteja ameridhika, anaingiza Lipa Namba, na kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Ukurasa ulisema jina la biashara. Simu inasema jina la mtu asiyemjua. Anasita, anafuta. Jina analoliona kwenye malipo lifanane na alilolisoma kwenye ukurasa. Kama haliwezi kufanana, ukurasa umwambie mapema jina atakaloliona na kwa nini.

Juu ya uzito wa ukurasa nitasema kwa kifupi. Google ilichapisha mwaka 2016 kwamba asilimia 53 ya ziara za simu huachwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Ukiweka sita za namna hiyo umemla mteja bando kabla hajajua bei. Zipunguzeni ukubwa, kisha fungueni ukurasa wenu kwa simu ya bei nafuu, kwa laini ya kawaida, mbali na waifai ya ofisi.

Kujaribu bila kujidanganya

Mtaniuliza: tutajuaje jibu letu ndilo? Kwa kujaribu, kama watu wa kuponi. Ila jaribio lina adabu yake. Ukurasa wa kwanza ukiona wageni 100 ukauza mara 5, na wa pili ukaona wageni 100 ukauza mara 8, usipige vigelegele. Tofauti ya watu watatu inaweza kuwa bahati tupu, kesho itageuka. Lakini ukiwa na wageni 2,000 kila upande, mmoja ukauza mara 100 na mwingine mara 160, hapo umeshika kitu. Badilisha jambo moja kubwa kwa wakati mmoja, ziendeshe kurasa zote mbili siku zilezile, maana mauzo ya mwisho wa mwezi si sawa na ya katikati, na usisimamishe jaribio siku unayoona upande unaoupenda umeongoza.

Mwenye wageni 50 kwa wiki hawezi kufanya jaribio la namna hiyo, na hana haja. Awape watu watano simu yenye ukurasa wake, awaambie wanunue, kisha anyamaze atazame wanapokwama.

Na tahadharini na kanuni za kuazima. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio maarufu la dukani huko California: meza yenye aina 24 za jemu ilivuta watazamaji wengi, lakini asilimia 3 tu ya waliosimama ndio walionunua, ilhali kwenye meza yenye aina sita walinunua asilimia 30. Dunia ikatangaza kwamba machaguo machache huuza. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani athari yake ni karibu na sifuri: mahali pengine yanasaidia, mahali pengine yanadhuru. Matokeo ya jemu yanafaa kukupa wazo la kujaribu. Hayakupi ruhusa ya kuacha kujaribu.

Mpaka usiovukwa

Ndugu zangu, anayejua kuondoa vizuizi anajua pia kuviweka. Mwingereza Harry Brignull mwaka 2010 alianza kuzikusanya hila za kubuni kurasa zinazomwingiza mtu asikotaka: kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki, saa inayohesabu kurudi nyuma kuelekea ofa isiyokwisha, “zimebaki mbili tu” iliyoandikwa tangu mwaka jana, ada inayochomoza hatua ya mwisho.

Hila hizo huongeza mauzo ya wiki, nami sitakataa. Lakini zina gharama. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuwaandikisha watu kwenye huduma yake ya kulipia iitwayo Prime bila ridhaa ya wazi na kuwawekea njia ndefu ya kujitoa. Ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi wa Kigiriki wa vita virefu vya Troya. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja. Huku kwetu pia, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya simu aliyoiacha mtu ili atumiwe mashine haikupi ruhusa ya kumtumia matangazo ya viwanja.

Kwa mfanyabiashara mdogo adhabu huja mapema kuliko mahakama. Wateja wetu wengi huletwa na mteja mwingine: dada kamwambia shoga yake, mfugaji kamwambia jirani. Ukurasa uliomhadaa mmoja umefunga njia ya wale kumi ambao angewaleta.

Niwaachie kazi moja ya wiki hii. Fungueni WhatsApp zenu za biashara, rudini nyuma kwenye mazungumzo 20 ya mwisho, na muandike kila swali aliloliuliza mteja kabla ya kulipa au kabla ya kupotea. Mtaona maswali manne au matano yanajirudia. Kisha fungueni ukurasa wenu kwenye simu, muweke tiki kwa kila swali ambalo ukurasa umelijibu bila mtu kusogeza zaidi ya mara tatu. Swali linaloongoza kwa kurudiwa, jibu lake liwe kichwa cha ukurasa. Kama linaloongoza ni bei, basi mnajua la kufanya, na hamhitaji mtaalamu wala jaribio la wageni 2,000 kuwaambia.